Virusi vinavyoitumikisha seli, na kwa nini watu wa Murongo wayajue haya

Mto Kagera unapopita Murongo, kaskazini mwa Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, ukingo mmoja ni Tanzania na wa pili ni Kikagati, Wilaya ya Isingiro, Uganda. Mnyambo wa huku na Munyankole wa kule husikilizana bila mkalimani, huoana, huzikana, na hufanya biashara ya ndizi, maharage na kahawa. Hata umeme wa mtambo wa Kikagati–Murongo, megawati 14, hugawanywa kati ya nchi hizo mbili. Ukielekea magharibi, ng'ambo ya mto huohuo ni Rwanda. Mahali kama hapa ugonjwa wa jirani haukai kwa jirani.

Tarehe 21 Machi 2023 Serikali, kupitia Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, ilitangaza kuwa ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika Wilaya ya Bukoba, kata za Maruku na Kanyangereko, ni Marburg. Tanzania haikuwahi kuutangaza ugonjwa huo kabla ya siku hiyo. Mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni, watu tisa walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na sita kati yao walikuwa wamefariki, akiwemo mhudumu wa afya. Septemba 27, 2024, ikawa zamu ya Rwanda: wagonjwa 66, vifo 15, na wengi wa walioambukizwa walikuwa watu wa hospitalini, wale waliokwenda kazini kuwahudumia wengine. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kuwa Marburg imerudi mkoani Kagera, safari hii wilayani Biharamulo. Kipimo kilichoibaini kilifanyika kwanza katika maabara tembezi ya Kabaile, hukohuko mkoani, kikathibitishwa Dar es Salaam. Mlipuko huo ulipofungwa Machi 13, orodha ilikuwa na wagonjwa kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa. Wote kumi walifariki.

Uganda yenyewe imeugua Marburg mwaka 2007, 2012, 2014 na 2017. Chora duara kuzunguka Murongo na utaona kwamba Kyerwa imekaa katikati ya habari.

Kila mlipuko unapotokea, wananchi huambiwa: nawa mikono, usiguse mgonjwa, usioshe maiti, usile nyama ya popo. Ni maagizo mazuri na yameokoa watu. Lakini hutolewa kama amri ya chifu, na amri isiyo na sababu huchoka mapema kuliko ugonjwa. Naamini mkulima wa Murongo anayejua tofauti ya kahawa ya robusta na arabika, anayejua mgomba upi ni wa pombe na upi ni wa kupika, anaweza kuelewa vilevile kirusi kinafanya nini kikishaingia mwilini. Akielewa, ataiona sababu ya kila agizo, na hatahitaji kusukumwa.

Kirusi cha Marburg ni uzi. Ukikitazama kwa darubini ya elektroni unaona nyuzi zilizojikunja, nyingine mfano wa herufi U, nyingine zimenyooka. Unene wake ni kama nanomita 80, yaani karibu sehemu moja ya elfu ya unene wa unywele, na urefu wake wa kawaida ni nanomita 800 hivi. Nje kuna utando wa mafuta uliochomozwa na miiba ya protini. Ndani kuna mnyororo mmoja wa RNA wenye herufi za kikemikali zipatazo 19,000, na humo mmeandikwa jeni saba tu. Mwili wa binadamu una jeni za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Kwa jeni saba hizo kirusi hakiwezi kujitengenezea chakula, hakiwezi kuzalisha nishati, hakina ribosomu ya kuunda protini, wala hakiwezi kutengeneza hata yale mafuta ya utando wake. Kikiwa peke yake juu ya jani au sakafuni hakili, hakikui, hakizai. Kinasubiri, au kinaharibika.

Jina lake limetoka mji wa Marburg, Ujerumani, ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliugua homa isiyojulikana. Wengine waliugua Frankfurt na Belgrade. Jumla walikuwa 31, wakafa saba. Maambukizi yalianzia kwa tumbili walioingizwa kwa ajili ya utafiti, na tumbili hao walitoka Uganda. Kwa hiyo ugonjwa unaobeba jina la mji wa Ulaya ulisafiri kutoka ukanda wetu huuhuu.

Sasa tukifuate ndani ya mwili.

Kirusi huingia kupitia mkwaruzo wa ngozi, machoni, mdomoni au puani, kikiwa ndani ya damu, matapishi au jasho la mtu aliyeugua, au kwenye shuka lake. Seli za kwanza kupatwa mara nyingi ni zile za ulinzi, makrofaji, ambazo kazi yake ni kuzunguka mwilini zikimeza uchafu na wadudu. Miiba ya kirusi, iliyofunikwa kwa sukari, inanasa kwenye protini zilizo usoni mwa seli. Seli haiyatambui madhara. Inafanya inachofanya siku zote: inajikunja, inakimeza kirusi pamoja na tone la majimaji, na kukifungia ndani ya kifuko kidogo. Kifuko hicho kinasogezwa ndani zaidi, na kadiri kinavyosogea asidi yake inaongezeka na vimeng'enya vya kumeng'enya protini vinaanza kazi. Kwa bakteria wengi huo ndio mwisho wao.

Kwa Marburg huo ni mwanzo. Vimeng'enya vya seli, vinavyoitwa kathepsini, vinakata kofia ya sukari iliyo juu ya mwiba, na chini yake linajitokeza umbo ambalo linashikana barabara na protini moja iliyo kwenye ukuta wa kifuko. Protini hiyo inaitwa NPC1, na kazi yake ya kila siku ni kuhamisha kolesteroli. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba seli zilizochukuliwa kwa watu wenye ugonjwa adimu wa kurithi unaowanyima NPC1 iliyo nzima haziambukizwi na Ebola wala Marburg. Tazama jinsi utegemezi ulivyo mkubwa: kirusi kinachoua zaidi ya nusu ya wagonjwa katika milipuko kadhaa hakiwezi kuingia bila kukatwa na vimeng'enya vya mwenyeji na kushikwa na protini ya mwenyeji. Mwiba ukishashikwa, utando wa kirusi na utando wa kifuko vinaungana, na RNA yake inamwagika ndani ya seli.

Hapo kuna kikwazo. RNA ya Marburg imeandikwa kinyume. Ribosomu za seli, zile chembe zinazosoma ujumbe wa RNA na kuunganisha asidi amino kuwa protini, haziwezi kuisoma ilivyo. Na seli ya binadamu haina kimeng'enya cha kuinakili na kuigeuza. Kwa hiyo kirusi kinalazimika kuja na kimeng'enya hicho kikiwa tayari kimefungwa pamoja na RNA. Wanasayansi wanakiita L. Shika jambo hili, msomaji, kwa sababu tutalirudia: hiki ni kimoja kati ya vitu vichache ambavyo kirusi hakiwezi kuazima kwetu.

L inapita juu ya mnyororo wa RNA na kutoa nakala zinazosomeka, jeni moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa na alama mwanzoni na mkia mwishoni, sawasawa na ujumbe halali wa seli yenyewe. Ribosomu hazina namna ya kuuliza ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wenye alama sahihi unasomwa. Tangu hapo asidi amino ambazo mgonjwa alizipata kwenye maharage aliyokula juzi, na nishati ambayo mitokondria zake zimeizalisha, vinakwenda kutengeneza protini za Marburg.

Mkulima wa kahawa wa Kyerwa na Karagwe anaijua hali hii kwa jina lake: butura. Mwenye shida ya ada au ya matibabu anamuuzia mtu kahawa yake ikingali mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya kutupa. Kuanzia siku hiyo shamba ni la mkulima, jembe ni la mkulima, anapalilia, anachuma, anaanika, lakini mavuno yana mwenyewe mwingine. Seli iliyoambukizwa inafanya kazi ya butura. Mitambo yote ni yake na jasho ni lake, mavuno si yake. Tofauti ni kwamba mkulima alikubaliana, hata kama ni kwa kubanwa na dhiki. Seli haikuulizwa.

Protini zikishakuwa nyingi, ujenzi wa virusi vipya unaanza, na sehemu hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote, kwa sababu hakuna msimamizi. Hakuna mahali ndani ya seli palipo na ramani ya kirusi kizima. Kila protini ina umbo, na umbo lake linaijua protini ya pili. Protini iitwayo NP inaikumbatia RNA mpya na kuisokota iwe mzingo mrefu. Nyingine tatu au nne zinajipachika juu ya mzingo huo, na L ikiwa miongoni mwao, ili kirusi kipya nacho kiondoke na kifaa chake. Kazi hii inafanyika katika vikundi vizito vinavyoonekana kwa darubini katikati ya seli.

Miiba inapita njia nyingine kabisa. Inaundwa kwenye mtandao wa vifuko ambako seli huandalia protini zake za kusafirisha nje. Inapelekwa kwenye kifaa cha Golgi, inapambwa sukari na vimeng'enya vya seli, na inakatwa mahali maalumu na kimeng'enya kingine cha seli, furini, ndipo inafikishwa kwenye utando wa nje. Sukari hizo ni zetu, zimewekwa kwa mikono ya vimeng'enya vyetu, na zinaufunika mwiba kiasi kwamba kingamwili zinapata tabu kuushika. Mwili unatengeneza vazi la kumficha adui yake.

Mzingo uko ndani na miiba iko pembeni, vitakutanaje? Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Marburg, katika mji uleule uliokipa kirusi jina, walizipaka protini zake rangi inayong'aa na kuzipiga picha za video ndani ya seli hai. Waliona mizingo ikisafiri kwa nguvu za nyuzi za aktini. Nyuzi hizi ndizo zinazoipa seli umbo lake na kuiwezesha kusogea. Kirusi hakina miguu, kwa hiyo kinabebwa na misuli ya seli hadi ukingoni.

Ukingoni inasubiri protini inayoitwa VP40. Hii imejipanga chini ya utando kama bitana chini ya nguo, na ndiyo inayousukuma utando utokeze nje kuwa uzi. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba ukiingiza jeni ya VP40 peke yake katika seli, bila kitu kingine chochote cha Marburg, seli itaanza kutoa nyuzi tupu zenye sura ya kirusi. Lakini kutokeza si kuachana. Shingo inayoufunga uzi mpya kwenye seli lazima ikatwe, na kirusi hakina kisu. Seli inacho. Kuna kundi la protini liitwalo ESCRT ambalo hukata na kufunga utando, kwa mfano seli moja inapogawanyika kuwa mbili na zile mbili zinapotengana. Protini za Marburg zimebeba vipande vifupi vya asidi amino vinavyoiita ESCRT na wasaidizi wake, na inakuja, inakata, kirusi kinaondoka kimevaa utando wa mafuta ya seli iliyokizaa.

Wakati wote huo ving'ora vya seli vimezimwa. VP35 inaificha RNA ya kirusi isitambuliwe. VP40, pamoja na kazi yake ya ujenzi, inaziba njia inayopeleka ujumbe wa interferoni, ule unaoziambia seli jirani zijilinde. VP24 inawasha mfumo wa seli wa kukabili misukosuko, hivyo seli inavumilia zaidi na kuendelea kuzalisha. Makrofaji zilizoambukizwa hukisafirisha kirusi hadi kwenye ini, wengu na tezi, zikimwaga kemikali za uvimbe njiani. Mishipa midogo ya damu inavuja. Ini, linalotengeneza protini za kugandisha damu, linaharibika. Mgonjwa aliyeanza kwa homa ya ghafla, kichwa kuuma sana na mwili kuchoka, dalili ambazo Kagera nzima huziita malaria, anaanza kutapika na kuharisha, na baadhi hutoka damu.

Kutoka hapa maagizo yanajieleza. Kwa nini sabuni? Kwa sababu utando wa kirusi ni mafuta aliyoibiwa mtu, na sabuni huvunja mafuta. Utando ukipasuka miiba haina pa kukaa na kirusi kimekwisha, hata kama ni sabuni ya mche ya kufulia. Kwa nini tusioshe maiti? Kwa sababu seli zilikuwa zikizalisha mpaka saa ya mwisho, na mwili wa marehemu wa Marburg umejaa virusi pengine kuliko ulivyokuwa siku yoyote ya uhai wake. Kwa nini waliokutana na mgonjwa wafuatiliwe siku 21? Kwa sababu kati ya kuingia kwa kirusi na dalili kuonekana zinaweza kupita siku mbili hadi 21, na mlipuko hutangazwa umekwisha baada ya mara mbili ya muda huo, siku 42, bila mgonjwa mpya. Mtu ambaye hajaanza kuonyesha dalili haambukizi wenzake, hivyo hakuna sababu ya kumtenga ndugu wa mgonjwa kwa chuki. Anachohitaji ni kupimwa joto kila siku na kupata huduma mara homa ikianza.

Na kwa nini amoksilini ya duka la dawa haisaidii? Dawa za bakteria hupiga vitu ambavyo bakteria wanavyo na sisi hatuna: ukuta wao, au ribosomu zao ambazo ni tofauti na zetu. Kirusi hakina ukuta na hakina ribosomu. Kinatumia zetu. Ukiziua ribosomu zinazokihudumia umeziua zinazokuhudumia wewe. Hapo ndipo ugumu wote wa kutibu virusi ulipo, na hapo ndipo tunarudi kwa L.

Palipo na kitu ambacho kirusi kimekuja nacho chenyewe, hapo kinapigika. Kagera inalijua hili kuliko mkoa wowote nchini, kwa sababu ya UKIMWI. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983. Utafiti uliofanyika mwaka 1987 ulikuta kuwa mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na VVU. Nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu bado zinakumbukwa, na watoto wa wakati ule leo ni wazazi.

VVU ni kirusi cha ukoo mwingine, lakini tabia ni ileile. Nacho hutumia ribosomu zetu, furini yetu na ESCRT yetu kukata shingo kinapotoka. Kwa kweli ni kwenye VVU, mwaka 2001, ndipo ilipothibitishwa kwamba kirusi kinaita protini moja ya ESCRT, TSG101, ije ikikatie njia. Lakini VVU huja na vimeng'enya vitatu vyake: kimoja kinageuza RNA kuwa DNA, cha pili kinaipachika DNA hiyo ndani ya DNA ya mgonjwa, cha tatu kinazikata protini mpya zikomae. Sisi hatuvihitaji. Dawa za ARV zinavilenga hivyo. Kidonge kimoja kwa siku ambacho maelfu ya wananchi wa Kagera wanameza kina tenofoviri na lamivudini za kuzuia cha kwanza, na dolutegraviri ya kuzuia cha pili. Seli inabaki na mitambo yake, kirusi kinakosa kifaa. Mtu anayemeza kidonge hicho bila kuruka anaishi, anazaa watoto wasio na VVU, anazeeka. Yeyote anayedai kuwa elimu hii ni ya wasomi wa maabara peke yao aende akaangalie kliniki yoyote ya wilaya siku ya dawa.

Hata shambani tumeyaona. Batobato kali ya mihogo iliyoingia Kagera kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ililetwa na kirusi kilichozaliwa kutokana na virusi viwili vya mihogo. Hutokea hivyo viwili vinapokutana ndani ya seli moja na vipande vyao kuchanganyika wakati wa kunakiliwa. Virusi vya batobato ni fukara hata kuliko Marburg. Havina kimeng'enya chochote cha kunakili DNA. Vinachofanya ni kuisukuma seli ya jani, iliyokuwa imeshamaliza kugawanyika, ianze tena kunakili DNA yake, kisha vinapenyeza ya kwao. Inzi weupe wanavihamisha. Huko hakuna dawa. Kuna mbegu inayostahimili, na kung'oa shina lililougua.

Kwa Marburg, hadi naandika haya, hakuna dawa wala chanjo iliyoidhinishwa rasmi. Ila Rwanda mwaka 2024 ilituonyesha kitu. Wagonjwa walipewa remdesiviri, dawa inayojifanya herufi ya RNA na kuikwamisha L katikati ya kazi, na wengine wakapewa kingamwili zilizotengenezwa kuushika mwiba. Chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin ilianza kutolewa kwa wahudumu wa afya Oktoba 6, siku tisa tu baada ya tangazo. Wagonjwa wa hali mbaya waliwekwa kwenye mashine za kupumulia, na wengine walitolewa wakiwa hai. Waliofariki walikuwa asilimia 23. Haitakuwa haki kumpa sifa mmoja kati ya hao wote, kwa sababu walipewa pamoja na kwa haraka. Lakini linganisha na Biharamulo, ambako hakuna aliyepona kati ya kumi, na utaelewa thamani ya siku moja ya kuwahi. Kila siku inayopita bila mgonjwa kutambuliwa, seli zake zinatoa virusi vingine kwa mamilioni.

Upo upande wa popo, na watu wa Kyerwa unawahusu hasa. Marburg hukaa kwa popo wa matunda wa Misri, wale wanaolala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi, bila kuwaugulisha waziwazi. Watafiti walikitoa kirusi hai kwa popo wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, ambako wachimbaji waliugua mwaka 2007. Katika pango la Python, kwenye Hifadhi ya Queen Elizabeth, waligundua kuwa maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, popo wachanga wanapofikia umri wa miezi sita hivi, na kwamba sehemu kubwa ya watu walioambukizwa moja kwa moja waliambukizwa kati ya katikati ya Juni na katikati ya Septemba, au kati ya katikati ya Desemba na katikati ya Machi. Angalia tarehe za Maruku na Biharamulo hapo juu: zote mbili zimeangukia katika msimu huo wa pili, au ukingoni mwake.

Pale Kitaka wachimbaji waliamua kuwaua popo wote. Miaka michache baadaye popo walirudi, na walipopimwa mwaka 2012 walioambukizwa walikuwa asilimia 13, wakati kabla ya mauaji walikuwa asilimia tano. Mwaka huohuo Marburg ikalipuka Ibanda, mji ulio jirani na mgodi. Huenda kundi la zamani lilikuwa na popo wengi wenye kinga. Waliokuja kujaza nafasi huenda walikuwa wageni wa kirusi. Kyerwa ni wilaya ya madini ya bati, watu wanachimba na mashimo mengine huachwa. Mchimbaji asiwachome moshi popo, asiwauze, asiwaguse. Awaachie shimo lao, na akilazimika kuingia palipo na popo afunike mdomo, pua na mikono.

Kwa Wizara ya Afya na halmashauri za Kyerwa na Karagwe nina ombi moja. Msisubiri mlipuko ndipo mje na vipaza sauti. Hadithi hii ya seli na kirusi isimuliwe kwenye redio za jamii kwa Kinyambo na kwa Kiswahili wakati wa utulivu, ifundishwe katika shule za sekondari za mpakani kwa mifano ya hapahapa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Murongo wapewe glavu na nafasi ya kukutana na wenzao wa Kikagati mara kwa mara, kwa sababu mgonjwa hataulizwa pasipoti na homa yake.

Na wewe msomaji uliye Murongo, Nkwenda, Isingiro ya huku Kyerwa, Kayanga au popote mkoani: ukiona mtu ana homa ya ghafla, anatapika, anaharisha, na hasa kama alikuwa pangoni, mgodini, au kwenye msiba wa mtu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana, usimbebe mgongoni wala usimpeleke kwa boda. Mpe maji ukiwa mbali, nawa kwa sabuni, na piga simu namba 199 ya Wizara ya Afya. Ni bure.